Kulishusha Jiwe la Simu: shajara ya mradi wa mwaloni

Jumamosi, 28 Juni 2025

Leo nimevuka Daraja la J.P. Magufuli kwa mara ya kwanza nikiwa na mzigo wa kazi. Limezinduliwa tarehe 19 mwezi huu. Kilomita 3 juu ya maji, hujamaliza hata wimbo redioni, umeshatokea Busisi. Zamani safari hii niliitengea siku nzima kwa ajili ya foleni ya kivuko pale Kigongo. Ukikosa pantoni ya mchana ulikuwa unakula mahindi ya kuchoma hadi jioni. Kwa mradi wetu wa kuleta intaneti mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, hii ni habari kubwa, maana naweza kutoka Mwanza mjini asubuhi, nikafunga kitu, nikarudi kulala kwangu.

Mwalo wenyewe uko upande wa Sengerema, kwenye kijighuba kilichozungukwa na majabali ya granaiti, ndugu wa lile la Bismarck la Mwanza mjini, ila haya hakuna anayekuja kuyapiga picha. Mnara wa simu ulio karibu uko kama kilomita 9, nyuma ya vilima. Mwaloni simu haishiki kabisa. Ukitaka kupiga unapanda Jiwe la Simu, mita 40 hivi juu ya maji. Kijana anatumia robo saa. Mwenye magoti mabovu anamtuma mjukuu, na mjukuu anarudi na nusu ya ujumbe.

Nimeshinda juu ya jiwe na daftari. Simu mkononi inasoma desibeli −108 (namba ikikaribia sifuri, mtandao una nguvu zaidi). Antena ya mwelekeo niliyoifunga kwenye fito ya mita tatu inasoma −93. Nikisogea hatua sita kushoto, nyuma ya bega la jiwe, inaanguka hadi −120 na 4G inapotea. Wenyeji hawakuhitaji daftari langu: kila mtu ana mahali pake pa kukaa, wa laini hii ukingoni, wa laini ile chini ya mkuyu, na ukimuuliza kwa nini, anakwambia ndipo panaposhika.

Kwa hiyo mtandao upo. Kinachotakiwa ni kuushusha mita 600 hadi kwenye chanja za kukaushia dagaa, na baadaye, kikundi kikiridhika, kuuvusha maji kilomita 4 hadi kisiwani kwenye kambi ya wavuvi.

Jumamosi, 5 Julai

Kikao cha BMU, kikundi cha kusimamia mwalo, chini ya mwembe. Kila mtumbwi umechanga shilingi 10,000 na bado tumepungukiwa, ila tunaanza.

Kijana mmoja alikuja na picha kwenye simu yake: kimashine cha kuongeza nguvu ya mtandao, unakichomeka tu na vijiti vinajaa. Fundi anazunguka nini na manguzo? Swali la haki. Nikamjibu kwamba kile kimashine kinayadaka masafa ya kampuni za simu, kinayakuza na kuyarusha upya. Masafa yale yana wenyewe, yamelipiwa, na kurusha humo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Wakaguna. Sheria haijawahi kumshawishi mvuvi.

Nikajaribu njia nyingine. "Mmeshasikia kanisani kipaza sauti kikisogezwa karibu na spika?" Wote wakacheka, maana Jumapili iliyopita kilipiga mluzi katikati ya mahubiri. Basi kimashine kile kina antena mbili, moja ya kupokea na moja ya kurusha. Zikisikilizana zenyewe kwa zenyewe kinapiga mluzi uleule, ila wewe huusikii. Unaousikia ni mnara, na simu za vijiji vyote vinavyoutegemea zinaanza kukatika bila mtu kujua mchawi ni nani. Hapo wakanielewa.

Sisi tunapita kwingine. Juu ya jiwe tunaweka rauta ya 4G yenye laini ya kawaida, ambayo kwa mnara ni simu kama simu nyingine. Kutoka hapo tunapokeza kwa redio za gigahezi 5.8, vifaa vyenye kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, redio moja ikitazamana na nyingine. Bando linalipwa na kikundi. Hatumuuzii mtu, maana kuuza huduma ya intaneti kunahitaji leseni.

Mzee mmoja akauliza jambo ambalo nadhani limemkera miaka mingi: mbona katikati ya ziwa simu inaonyesha vijiti viwili na haipigi? Mzee, vijiti vinakuonyesha unavyousikia mnara, havikuonyeshi mnara unavyokusikia wewe. Mnara unarusha kwa makumi ya wati. Simu yako mfukoni, kwa 4G ni wati 0.2 ikijitahidi. Ni kama mtu anakuita kwa kipaza sauti, nawe unamjibu kwa kunong'ona. Tena kwa mtandao wa 2G kuna mpaka wa kilomita 35 uliowekwa na mpangilio wenyewe wa muda: jibu likitoka mbali zaidi ya hapo linafika limechelewa, hata ungekuwa na nguvu namna gani. Akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe siku zote nilikuwa naongea na kiziwi."

Jumamosi, 12 Julai

Mwezi umejaa juzi, kwa hiyo wavuvi wa dagaa wako nyumbani. Dagaa wanafuata taa, na usiku wa mbalamwezi taa haina kazi. Kuanzia sasa kazi zote zinazohitaji misuli nazipanga kwa mwezi.

Vijana saba wamepandisha bomba la mita 6, paneli mbili za wati 150, betri mbili za Ah 100 na mfuko wa saruji. Betri ndizo zilizotutoa jasho. Granaiti haichimbiki, kwa hiyo tumetoboa matundu manne kwa drili, tukapigilia bolti, tukamimina saruji. Drili imekula vichwa vitatu.

Hesabu ya umeme: rauta wati 10, redio mbili za wati 7 kila moja, jumla 24. Kwa siku nzima ni Wh 576. Betri mbili zina Wh 2,400, na kwa kuwa hizi za risasi hupaswi kuzikausha chini ya nusu, tuna akiba ya siku mbili za mawingu. Paneli nimezielekeza kaskazini na kuziinamisha kidogo tu. Kwa jua, hapa karibu na ikweta zingeweza hata kulala chali, lakini zikilala kinyesi cha ndege hakioshwi na mvua, na mnandi wa hapa hawana adabu.

Jumapili, 13 Julai

Saa 4 asubuhi mwaloni pamepata intaneti. Megabiti 14 kushuka, 3 kupanda. Redio zinasomana kwa −49. Kwa mita 600 bila kizuizi hilo halina maajabu, lakini nilipiga picha ya kioo kama vile nimejifungua mtoto.

Shangazi alikuja na simu yake ya kitochi. Amekausha na kuuza dagaa hapa tangu sijazaliwa, na kusema kweli ni yeye aliyeniingiza kwenye mradi huu.

"Mwanangu, unganisha na yangu."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Kitochi hakina Wi-Fi. Hata angekuwa na simu janja, *150*00# ya M-Pesa haipiti kwenye mtandao wetu, maana ile inasafiri kwenye masafa ya simu yenyewe. Itambidi atumie programu ya kwenye simu, na kuisajili kunataka laini inayoshika mtandao. Yaani apande jiwe.

"Kwa hiyo umeleta mtandao usionijua."

"Shangazi, ndio hatua ya kwanza."

"Hatua ya kwanza ungeanza na mimi."

Sina utetezi. Katika mipango yote nilihesabu wati, desibeli na mita, sikuhesabu vitochi. Leo nimezunguka kuuliza: katika wanawake kumi na tisa wa chanja, wenye simu janja ni sita. Kikundi kimekubali simu janja moja ikae kibandani kwa mtunza hazina, na malipo ya wanunuzi wa mjini yapitie namba ya kikundi, kila mama akiandikiwa palepale mbele yake. Si suluhisho zuri sana. Shangazi amesema ataangalia.

Jumamosi, 26 Julai

Giza la mwezi, mwaloni hakuna mwanaume hata mmoja. Waya wa kushuka kutoka kwenye redio umetafunwa. Pimbi au panya, sijamkamata. Nimeupitisha ndani ya bomba la plastiki. Vijidudu vya ziwani vilipanda kama moshi jioni na kuziba matundu ya hewa ya kisanduku cha rauta; nimefunga kipande cha chandarua.

Jumamosi, 9 Agosti

Mwezi umejaa tena, tumepata boti ya kwenda kisiwani.

Hesabu niliifanya nyumbani. Kilomita 4 kwa gigahezi 5.8, umbali unakula desibeli 120 hivi. Redio inatoa 20, kila dishi linaongeza 23, kwa hiyo nategemea karibu −54. Katikati ya njia, mwanya unaotakiwa kuwa wazi kuzunguka mstari wa macho una nusu kipenyo cha mita 7. Chini yetu kuna maji tu, tena mbali. Kwenye karatasi hakuna kiungo rahisi kuliko hiki.

Tumesimamisha nguzo kwenye ufukwe wa kambi, dishi likawa mita 5.2 juu ya maji. Nimelizungusha polepole huku mwenzangu wa juu ya jiwe akinisomea namba kwa simu. Saa 9 alasiri, upepo mkali, mawimbi yanapiga hadi miguuni: −57. Kambi nzima ilipiga vigelegele. Kijana mmoja alimpigia mama yake Bariadi kwa video na kumwonyesha sufuria ya ugali.

Tumerudi jioni tumelowa, lakini tukiimba.

Jumamosi, 16 Agosti

Kisiwani wanasema mtandao unafanya kazi mchana na kufa usiku. Usiku ndio hasa wanaouhitaji: mwaka jana injini ya mtumbwi mmoja ilizimika na vijana walielea hadi asubuhi bila mtu wa nchi kavu kujua.

Unaofanya kazi mchana na kufa usiku ni umeme wa jua. Hata sikufikiri mara mbili. Nimesema betri.

Kumbukumbu za redio ya kisiwani hazikunisaidia, kwa sababu kila inapojiwasha bila intaneti saa yake inarudi mwaka 1970. Kwa mujibu wa mtambo wangu, kambi ile ilipata Wi-Fi Tanganyika ikiwa na miaka minane ya uhuru.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimenunua betri mpya kwa pesa yangu mwenyewe, maana niliona aibu kurudi kwenye mchango. Nimeipeleka, nimeifunga, volti 12.7, imejaa. Nimelala kisiwani. Giza la mwezi, kambi imebaki na mpishi na mimi, na huko mbali taa za wavuvi zimejipanga kama mji.

Saa 5 usiku: −79, kisha kimya. Volti 12.5. Betri ni nzima kabisa, na hata ile ya zamani ilikuwa nzima. Nimekaa nje nikitazama taa ndogo ya kijani ikizimika na kuwaka, nikijiuliza kama niache ufundi nikauze sato.

Jumamosi, 30 Agosti

Hii siku nitaiandika kwa urefu.

Asubuhi nilikuwa mwaloni nimeshika kompyuta mpakato, natazama namba za upande wa jiwe, ambako saa ni sahihi. Mzee yule wa vijiti viwili alikuja akakaa pembeni yangu akishona nyavu. Nikamwonyesha mstari unavyopanda na kushuka. Akautazama kidogo, bila kuuliza chochote.

"Hapa Jumatano, saa 7 mchana hadi jioni, umepanda?"

"Ndiyo, mzee."

"Jumatano upepo ulikuwa mkali. Na hapa Alhamisi, mchana kutwa, umelala?"

Nikaangalia. Alhamisi mchana, jua kali, betri imejaa pomoni, na kiungo kimekufa.

"Alhamisi ziwa lilikuwa shwari," akasema. "Fundi, mtandao wako unalala ziwa likilala."

Nikanyamaza. Nimesoma mambo ya mawimbi ya hewani miaka, na mtu asiyewahi kushika redio amelitaja tatizo kwa sentensi moja.

Redio haipeleki mwanga mmoja ulionyooka. Sehemu ya mawimbi inakwenda moja kwa moja hadi kwenye dishi, na sehemu inagonga maji na kuruka, ikifika nyuma kidogo ya ile ya kwanza. Tofauti ya safari hizo mbili unaipata kwa kuzidisha mbili kwa kimo cha jiwe kwa kimo cha nguzo, ukagawanya kwa umbali: 2 × 40 × 5.2 ÷ 4,000, sawa na mita 0.104. Urefu wa wimbi moja la gigahezi 5.8 ni sentimita 5.2. Kwa hiyo njia ya majini imechelewa kwa mawimbi mawili kamili. Ingekuwa heri, ila maji yanapoliakisi wimbi kwa pembe ya chini namna hii yanalipindua, juu linakuwa chini. Linafika likiwa kinyume kabisa cha mwenzake, na wanafutana.

Nilichagua mita 5.2 kwa sababu ndiyo urefu wa bomba lililobaki. Ningetafuta kwa makusudi mahali pabaya kuliko pote kwenye nguzo ile, nisingepata pazuri kuliko hapo.

Na mbona mchana linapona? Ziwa likiwa shwari ni kioo. Kwa pembe yetu mawimbi ya maji yakizidi nusu mita na ushee kioo kinavunjika, wimbi lililoakisiwa linatawanyika ovyo, na njia ya moja kwa moja inabaki peke yake. Usiku na asubuhi upepo unatulia, kioo kinarudi. Siku ile ya vigelegele tulipima saa 9 alasiri, upepo ukivuma. Ningekuwa nimepima saa 1 asubuhi ningegundua siku ileile, na ile betri ingekuwa bado dukani.

Dawa: kila mita 2.6 ya kimo cha nguzo shimo, yaani pale mawimbi yanapofutana, linajirudia, kwa hiyo nikipandisha dishi nusu ya hapo, mita 1.3, nafika kwenye kilele. Kutoka 5.2 hadi 6.5. Mafundi wenye pesa wangefunga madishi mawili kwa vimo tofauti ili moja likizama jingine liwe juu, maana hewa juu ya ziwa nayo inapinda mawimbi kwa namna tofauti asubuhi na jioni. Sisi tuna dishi moja na bomba la kuunganisha.

Mzee amekataa soda. Ameomba nimwekee programu ya hali ya hewa kwenye simu ya mwanawe.

Jumamosi, 6 Septemba

Tumeongeza bomba la mita 1.3. Bolti nne, waya tatu za kuvutia, nusu saa ya kazi. Alasiri yenye upepo: −56. Haithibitishi chochote. Nimebaki kisiwani kusubiri shwari.

Jumapili, 7 Septemba

Asubuhi saa 12:40, ziwa kama sahani. −53. Nimelitazama dakika ishirini bila kupumua vizuri. Limecheza kati ya −52 na −58, halijakatika.

Kipimo halisi kilikuwa usiku. Mwezi umejaa, wavuvi wote wako kambini, na leo mwezi unapatwa. Kuanzia saa 1 na nusu uliliwa kidogo kidogo, na saa 2:30 ukawa mwekundu wote, rangi ya kutu. Ziwa limetulia kabisa. Watu wamekaa kwenye mchanga, simu kumi na mbili kwenye redio yetu kwa mpigo, kila mtu anatuma picha ya doa jekundu lisiloonekana vizuri. −55.

Kijana mmoja akasema giza limeingia, tuwashe taa tukavue. Wakubwa wakamcheka: giza la saa moja na dakika ishirini halitoshi hata kufika kilindini.

Saa 3 na ushee simu ya kambi ililia. Kibandani mwaloni, mtunza hazina amemshikia Shangazi ile simu ya kikundi. Uso wake umejaa kioo kizima, pua mbele.

"Unauona?"

"Nauona, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Huku unaonekana vizuri zaidi. Nilitaka kupanda jiwe nikuulize, wakaniambia nikae tu hapa." Akageuza simu kutazama mwezi, akakosea, nikaona paa la bati na mkono wake. "Yule mnunuzi wa Igoma ameshalipa?"

Nikamwambia sijui, amuulize mtunza hazina aliye pembeni yake.

Volti saa 4 usiku: 12.5. Kazi zilizobaki kabla ya mvua za vuli: waya wa arthi juu ya jiwe. Fimbo haiingii kwenye granaiti, kwa hiyo nitashusha waya wa shaba kwenye ufa hadi kwenye udongo wa chini na kuuzika kwa mkaa na chumvi. Radi za ziwa hili sitaki kuzijaribu. Betri ya ziada iko kibandani, inauzwa kwa anayehitaji.